Mmoja Kati ya Ishirini

Niliwaona wadudu wale kwa macho yangu kabla Gaspari hajaambiwa lolote. Daktari Kefa aliniachia kiti chake, akasema, "Njoo utazame mwenyewe, Yunisi," nami nikainamia hadubini. Katika maji tuliyoyatoa kwenye uti wa mgongo wa mchumba wangu, walikuwa wakijipindapinda kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Nikahesabu watatu, wanne. Nikaacha kuhesabu.

"Wamefika kichwani," nikasema.

"Wamefika. Dawa ya kwanza imesafisha damu tu. Jumatatu tunaanza dawa ya pili."

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa sabini na tatu. Nilikuwa na mwaka wa tatu kama muuguzi wa wodi ya malale, ugonjwa wa usingizi, katika hospitali ile ndogo, nje kidogo ya Itigi. Wagonjwa wetu walikuwa watu wa vichakani: warina asali, wawindaji, wachoma mkaa, wote walioumwa na mbung'o mahali ambapo hata ng'ombe hawapelekwi. Dawa ya pili tuliijua sote. Ndani yake mlikuwa na sumu ya jamii ile iliyotiwa kwenye majosho ya ng'ombe. Ilichomwa kwenye mshipa kwa bomba la kioo lililokaushwa kabisa, na iliunguza njia nzima mpaka begani. Iliwaponya wengi. Lakini katika kila watu ishirini, mmoja ilimuua yenyewe, kwa degedege, ndani ya siku chache. Tangu nifike pale nilikuwa nimewafunika shuka watu watatu wa namna hiyo.

Na kulikuwa na amri moja ambayo haikuandikwa popote: mgonjwa haambiwi.

"Usimwambie," Daktari Kefa alisema, kana kwamba ameyasikia mawazo yangu. "Najua ni mchumba wako. Ndiyo maana nakukumbusha mapema. Yule wa mwezi wa kwanza tulimwambia. Alifanya nini?"

"Alitoroka."

"Tulimpata wapi?"

Tulimpata njia ya Rungwa, na tai ndio waliotuonyesha.

"Mwambie ni dawa kali kidogo, lakini atapona. Ndivyo tunavyowaambia wote. Si uongo. Kumi na tisa wanapona."

Daktari Kefa hakuwa mtu mbaya. Nawaambia mapema ili msije mkamchukia. Kwa vyeti alikuwa mganga msaidizi tu, lakini nchi nzima ile ilimwita daktari, na alistahili. Aliwahi kumtolea mgonjwa damu yake mwenyewe, kisha akarudi kuendelea na kazi. Aliwaficha wagonjwa ukweli kwa sababu alitaka wabaki hai.

Gaspari nilikuwa nimekutana naye miaka miwili kabla, hapo hapo hospitalini. Alimleta rafiki yake aliyeanguka kutoka kwenye mti wenye mzinga. Alinikuta nasafisha kidonda, akaniuliza kwa nini nisikipake asali. Nikamwambia atoke nje. Akatoka, akasimama dirishani, akaendelea kunieleza habari za asali mpaka nikacheka na bandeji mkononi. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na sauti yake haikuwa na haraka. Alipoondoka alinitazama mara moja tu, lakini alinitazama kwa utulivu kama mtu anayesoma barua, nami nikabaki nimesimama mpaka mgonjwa akaniuliza kama nimemsahau. Tangu siku hiyo kila lori lililotoka Mitundu lilileta ama barua ama yeye mwenyewe. Posa ilikwishafika kwa baba yangu kule Kiomboi, na ikapokelewa. Aliyekuwa hajaikubali ni mama yake Gaspari, Mama Theresia. Hakumtaka msichana wa Kinyiramba, tena wa kazi ya mshahara, anayeshinda akishika miili ya wanaume.

Na saa sita ya Ijumaa ile, Mama Theresia ndiye aliyenikuta nyuma ya wodi nikianika mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinizungushe, binti. Wamemkuta na nini?"

"Majibu yametoka, mama. Lakini mwenyewe sijamwambia bado."

"Mwenyewe ni mimi. Nimemzaa."

"Ana miaka ishirini na saba, mama."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Mkononi alishika bakuli la mlenda lililofunikwa kwa kitambaa. Kwa siku tisa alikuwa akipika nje ya uzio na kumlisha mwanawe kwa mkono.

"Nimesikia habari za sindano yenu," alisema. "Mtoto wa jirani yangu aliingia hapa kwa miguu yake, akatoka amefunikwa. Nikijua ndiyo hiyo anayopangiwa Gaspari, nampakia kwenye lori kesho. Kwetu yuko mzee anayejua mizizi."

"Na akifia nyumbani, mama?"

"Atafia mikononi mwangu. Hatafia mikononi mwa kazi ya mtu."

Akaingia wodini. Mimi nikabaki na shuka lililolowa mikononi, maji yakinitiririkia miguuni.

Niliyapima yote mawili. Nikimwambia, mama yake atajua kabla ya jua kuzama, na lori la kwenda Mitundu lilikuwa karibu. Nikinyamaza, Jumatatu Gaspari angeunyoosha mkono bila kuuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia anyooshe. Hilo la pili ndilo lililonishinda.

* * *

Asubuhi ya Jumamosi nilimsubiri Daktari Kefa mlangoni kwake.

"Shikamoo, daktari. Leo nitamwambia Gaspari. Nimeona wewe ujue kwanza."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Akitoroka?"

"Nitaandika kwa mkono wangu kwamba ni mimi niliyemwambia."

"Karatasi haifufui mtu, Yunisi."

"Najua. Lakini Jumatatu ukimchoma akafa hajui, nani atakuwa amekubali? Si yeye. Nitakuwa nimemkubalia mimi, na mimi ndiye nitakayebaki hai."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti jeupe. "Ugonjwa umekwisha kumgusa akili. Juzi aliiita ndoo kwa jina la mbwa wake. Sasa unampa nani uamuzi, mtu au malale?"

"Asubuhi bado ni mtu. Nitamwambia arudie nilichosema. Akishindwa kurudia, nitanyamaza, na uamuzi utakuwa wako."

Aliivaa tena miwani. "Nitasimama dirishani nisikie," akasema.

"Simama, daktari."

Gaspari alikuwa ameketi barazani kwenye jua, blanketi mabegani. Mchana usingizi ulimbeba akiwa na chakula mdomoni, lakini asubuhi baada ya kunawa alikuwa na saa moja yake ya kuwa macho. Mikono yake ilikuwa imekonda hata saa ya mkononi ilizunguka. Macho yalikuwa yale yale.

"Unanitazama kama fundi anayetaka kunishonea suruali," alisema.

"Natazama kama umeamka."

"Kwako huwa naamka." Alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha taratibu. "Sema, Yunisi. Umekaa kwenye ncha ya benchi. Wewe ukiwa na neno zito hukai vizuri."

Nikamwambia. Sikulipaka asali. Nilimwambia wadudu wako kichwani, nikamwambia dawa ni nini na ndani yake mna nini, itamchoma vipi na kwa siku ngapi. Nikamwambia juu ya yule mmoja kati ya ishirini.

"Sasa nirudishie," nikamwambia. "Nirudishie yote niliyosema, kwa maneno yako."

Akarudisha. Alikwenda polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini hakuliruka hata jiwe moja. Kisha akauliza swali ambalo wagonjwa wetu hawakuwahi kupewa nafasi ya kuliuliza.

"Nisipochomwa, katika ishirini wanakufa wangapi?"

"Wote."

"Basi nini cha kufikiria hapo?" alisema. "Nichomwe."

Nilitaka kumkumbatia mbele ya Itigi nzima. Lakini alikuwa ameinua mkono kunizuia.

"Ila wewe nenda kwenu. Nenda Kiomboi, mwambie baba yako uchumba umevunjika. Usikae kungoja kama utakuwa mjane kabla ya kuwa bibi harusi."

Hapo nilikasirika. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

"Gaspari, nimekuambia ukweli ili uchague dawa. Sikukuambia ili unichagulie mimi pa kwenda."

"Nakuhurumia."

"Usinihurumie. Hata Daktari Kefa amekuwa akiwahurumia watu hapa miaka yote, akawaficha. Wewe unataka kunifanyia hivyo hivyo? Unataka kunitoa njiani kwa huruma? Hatari yako umeijua, ukaamua. Yangu pia naijua."

"Na umeamua?"

"Nilikwishaamua siku uliposimama dirishani unanifundisha kazi."

Alinitazama. Alinitazama mpaka nikayashusha macho yangu mimi niliyekuwa nafoka. Akachukua mkono wangu, akaushika juu ya blanketi, mahali ambapo kila mtu aliyepita uwanjani angeweza kuona.

"Kufa sikuogopi sana," alisema kwa sauti ya chini. "Naogopa yule mtu mwingine. Mama anasema wiki iliyopita nilimsukuma. Mama yangu! Sikumbuki hata kidogo. Yunisi, kama yule mtu atakuja katikati ya sindano na kusema hataki, mfanyeje?"

"Sijui."

"Mimi najua. Mnishike mnichome. Huyo anayekataa ni malale."

"Usiniambie mimi peke yangu," nikasema. "Neno hilo ni kubwa mno kubebwa na mchumba. Waambie wote."

Daktari Kefa hakungoja kuitwa, alitoka ndani. Mama Theresia nilimfuata kwenye moto wake nje ya uzio. Mbele yetu watatu Gaspari alilisema tena neno lile, akisimama, mkono mmoja ameshika nguzo ya baraza. Mama yake alisikiliza habari za sumu na za yule mmoja kati ya ishirini, uso ukizidi kuwa mgumu.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema alipomaliza.

"Mama, ukinichukua nitakwenda, sina nguvu ya kushindana nawe. Lakini ujue sitarudi. Nakuomba nikae."

Mama Theresia akaokota bakuli lake, akaenda zake bila kuaga. Lori la Mitundu liliondoka mchana ule. Jioni, nilipochungulia uzioni, moto wake ulikuwa unawaka.

* * *

Jumatatu, Jumanne na Jumatano alichomwa. Daktari alikuwa amenikatalia kushika bomba, akasema mkono wa mchumba hautulii. Nilichoruhusiwa ni kumshika tu. Dawa ilipoingia Gaspari aliuma blanketi, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, lakini hakutoa sauti. Kisha zikaja siku saba za kupumzisha mwili, na hizo ndizo siku za yule mmoja kati ya ishirini. Nilimpima homa asubuhi, mchana na jioni. Kila alipojikuna nilifikiri ni degedege. Siku ya tano, ya sita, ya saba zikapita. Nikaanza kupumua.

Asubuhi ya Alhamisi, zamu ya pili ya sindano ilipoletwa kitandani, Gaspari alifumbua macho na hakuwa yeye.

"Nani kakuita?" aliniuliza.

"Ni mimi, Yunisi."

"Sikutaki. Umekuja kunimaliza. Ondoka!" Aliipiga sinia ya sindano, bomba likavunjika sakafuni. Wodi nzima ikaketi vitandani. "Nimekataa! Mwili ni wangu! Si mlisema ni wangu? Nimekataa!"

Daktari Kefa alinigeukia. Hakusema "nilikuambia." Ingekuwa rahisi kama angesema. Alisema tu, "Yunisi?"

Maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimemshika mkubwa wangu mlangoni kwake nikimfundisha kwamba mwili una mwenyewe, na sasa mwenyewe alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, akitetemeka, akisema hapana. Je, kama ni yeye kweli? Je, kama maumivu ya siku tatu zile yamembadilisha nia, kama yanavyoweza kumbadilisha mtu yeyote mwenye akili timamu?

"Gaspari," nikasema, "nirudishie nilichokuambia barazani. Wangapi kati ya ishirini?"

Alinitazama kana kwamba nasema lugha ya watu wa mbali. "Ishirini gani? Nani amefungua zizi? Ng'ombe wanatoka!"

Mama Theresia alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Hata sikumsikia akiingia.

"Daktari," aliuliza, "kinachomsemesha ni dawa au ni ugonjwa?"

Daktari Kefa alimkaribia Gaspari kwa upole, akamgusa shingo, akamtazama mboni za macho, akamwekea mkono kwenye paji. "Hana homa. Shingo ni laini. Naamini ni ugonjwa, mama. Lakini kuapa siwezi."

"Sikukuambia uape." Akanigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi macho yake yanavyofanana na ya mwanawe. "Mimi sikuipenda sindano hii, na siipendi mpaka leo. Lakini aliyesema pale barazani alikuwa mwanangu, nilimsikia kwa masikio yangu. Huyu simjui. Wewe unamjua?"

"Simjui, mama."

"Basi shika mkono."

Akapanda kitandani na khanga zake, akaketi nyuma ya Gaspari, akampitishia mikono kifuani, akamvuta akamlaza kifuani pake kama anavyofanyiwa mtoto mwenye homa. Akaanza kumwambia maneno kwa Kinyaturu, taratibu, bila kukoma. Mimi nikaushika ule mkono. Gaspari aliniita majina ambayo sitayaandika hapa. Nilikuwa nalia, lakini mkono wangu haukulegea, na Daktari Kefa, aliyekuja na bomba jingine, alipata mshipa mara ya kwanza.

Tulifanya hivyo siku tatu, watu watatu wale wale.

* * *

Jumatatu iliyofuata niliingia na beseni la maji, nikamkuta ameketi.

"Yunisi," alisema. "Nina njaa."

Niliweka beseni chini kwa sababu lingeanguka.

Alipokwisha kula aliniuliza, huku akitazama ukuta, "Alikuja yule mtu?"

"Alikuja."

"Alisema nini?"

Ningeweza kusema hakusema kitu. "Alinikataa mbele ya wodi nzima. Akasema nimekuja kumuua."

"Ukajuaje kuwa si mimi?"

"Sikujua, Gaspari. Nilichagua kukuamini wewe wa Jumamosi. Kama tulikosea, tulikosea tukiwa tumekushika."

"Hamkukosea," akasema. Akanyoosha kidole, akanigusa shavuni, mahali ambapo siku zile tatu kucha yake ilikuwa imeacha alama. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Aliuacha mkono wake pale, na mimi nikauegemea.

Zamu ya tatu ya sindano alinyoosha mkono mwenyewe. Na wiki ile ile Daktari Kefa aliniita chumba cha dawa. Kulikuwa na mgonjwa mpya, mwindaji, ambaye naye dawa ya kwanza haikumtosha. "Njoo tukamwambie," alisema. "Mimi sijui pa kuanzia. Wewe anza, nitakuwa pembeni yako."

Mwishoni mwa mwezi wa saba tulipima tena maji ya mgongo. Daktari Kefa alitazama kwenye hadubini mpaka nikachoka kusimama. Kisha akatuita sote watatu.

"Sioni hata mdudu mmoja," alisema. "Naweza kusema umepona. Siwezi kusema umepona kabisa. Utarudi hapa kila baada ya miezi sita, kwa miaka miwili. Wako wachache ambao ugonjwa huwarudia."

Tulitoka uwanjani. Gaspari alikuwa na mashati yake mawili ndani ya furushi, na mwili ulikuwa umeanza kurudi. Lori la kijiji lilikuwa linapakia magunia ya chumvi.

"Basi tungoje," alisema. "Miaka miwili si mingi. Nikipita salama, ndipo tuoane."

"Hapana."

"Yunisi, umemsikia daktari."

"Nimemsikia kukuzidi, mimi ndiye niliyebeba kichupa cha maji ya mgongo. Wewe unataka kuja kwangu na cheti kwamba hutakufa. Hakuna mwanamume aliyenacho. Hata baba yangu hakumpelekea mama cheti. Nimekwisha kuandika barua Kiomboi, nimesema mwezi wa tisa."

"Umeandika bila kuniuliza?"

"Sasa nakuuliza. Unataka au hutaki?"

Akacheka. Alicheka kwa sauti ile ya zamani isiyo na haraka, hata wapakiaji wa magunia wakageuka kututazama. "Nataka," alisema. "Nataka hata kesho. Mama, umemsikia huyu?"

Mama Theresia alikuwa amechuchumaa akifunga sufuria zake kwa kamba. Hakuinua uso.

"Nimesikia. Kwani ananong'ona? Mwezi wa tisa ni mzuri, mavuno yatakuwa ndani." Akakaza fundo kwa meno. "Lakini ndoa itafungwa kwetu Mitundu, kwa padre."

"Mama," nikasema, "kwetu sisi ni Walutheri. Baba yangu ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo nini sasa?"

"Hawezi kukubali."

"Basi nitakuja mwenyewe nizungumze naye. Nikae hapa wiki nane na nusu nalala chini, nishindwe na mzee wa kanisa?"

"Humjui baba yangu, mama."

"Naye hanijui mimi."

Gaspari aliketi juu ya furushi lake kati yetu, akigeuza kichwa huku na huku, uso umejaa furaha. Tulibishana vizuri, mimi na mama mkwe wangu, mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu. Mama Theresia akapanda lori bado anazungumza.